Je, Kura Nayo Iuzwe kwa Kangomba?



Kila mwaka wa uchaguzi unapokaribia tunasikia maneno mawili yakirudiwa nje ya kanisa baada ya Misa. La kwanza ni kwamba siasa ni ya wenye fedha. La pili ni kwamba, kama ndivyo, maskini afanye nini ila kupokea anachopewa? Wanaosema hivyo si watu wabaya. Ni watu wanaofanya kazi, wanaosomesha watoto na kutoa sadaka zao. Kwa hiyo yafaa maneno yao tuyapime, tusiyaache yapite hivi hivi.

Swali letu basi ni hili: Je, ni haki mtu kupokea zawadi ya mwomba kura, akijua kwamba mtoaji ni mfanyabiashara, au yuko mfanyabiashara nyuma yake? Ili tulijibu hatuna budi kwanza kutazama jinsi mambo matatu yanavyoshikana: kura ya wananchi, mipango ya Serikali, na biashara. Hatutakwenda mbali kutafuta mfano. Sisi wa Kusini tunao mkorosho.

Somo la mkorosho

Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Katika msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kukokotoa: katika kila magunia saba halikubaki hata moja kamili.

Sababu zilikuwa nyingi. Ubwiriunga ulishambulia maua. Watu walihamishiwa vijijini, na mikorosho ya wengi ikabaki mbali na makazi mapya. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mamlaka ya zao ikawa ndiyo mnunuzi. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo mikubwa vikakosa korosho za kubangua.

Hatusemi haya ili kuzibeza enzi zile. Wengi wetu tulisoma na kufundisha kwa sababu ya siasa ya enzi zile, na liko jambo moja la wakati ule ambalo tutalisifu mbele kidogo. Lakini ukweli usemwe. Mipango ilitungwa kwa nia ya kumkomboa mkulima, ila mkulima mwenyewe hakuwa na pa kusemea. Mnunuzi alikuwa mmoja, chama cha siasa kilikuwa kimoja, na ushirika wake ulikuwa umevunjwa. Akasema kwa njia pekee iliyobaki: akaacha kupalilia.

Baadaye mambo yakabadilika. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika. Wanunuzi binafsi wakaruhusiwa katika miaka ya mwanzo ya 1990. Mwaka 2007 ukaanza utaratibu wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka korosho ghalani kupitia chama chake cha msingi, anapewa stakabadhi, kisha korosho zinauzwa kwa mnada. Katika msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000, na katika baadhi ya minada kilo moja ilipita shilingi 4,000. Wengi wetu tuliona mabati mapya yakimeta vijijini mwaka ule.

Kisha ukaja mwaka 2018, nao una mafundisho mengi. Korosho ghafi zinazopelekwa nje zilikuwa zikitozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kiwango kilicho kikubwa zaidi. Kwa mujibu wa sheria ya wakati ule asilimia 65 ya fedha hizo zilikuwa zirudi kuliendeleza zao: miche, salfa, utafiti. Juni 2018 Bunge likabadilisha sheria, na ushuru wote ukaelekezwa katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walipinga kwa nguvu, lakini hawakushinda. Msimu ulipofunguliwa, bei za wanunuzi zikawa ndogo na wakulima wakakataa kuuza. Novemba mwaka huo huo Rais John Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzisomba. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu ya kushangilia. Lakini uhakiki ulikuwa mrefu, malipo ya wengi yakachelewa, na mwaka uliofuata minada ya wanunuzi binafsi ilirudi kama zamani.

Tazameni jinsi yale matatu yalivyosukumana ndani ya mwaka mmoja. Mfanyabiashara alitaka kununua kwa bei ya chini, kwa maana ndiyo kazi yake. Serikali ilitaka fedha za ushuru, na papo hapo ilitaka kumlinda mkulima. Wabunge walitaka sehemu ya ushuru irudi ilikotoka. Mkulima alikuwa katikati, akingoja.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliye shetani. Tukimwondoa mfanyabiashara, nani atanunua? Tukiiondoa Serikali, nani atakagua mizani? Tukiiondoa kura, nani atamsemea mkulima? Kila kimoja chahitaji vingine viwili, na kila kimoja chahitaji kuzuiwa na vingine viwili. Ubaya huanza pale ambapo kimoja kinakinunua kingine. Mfanyabiashara akiinunua kura, amenunua na sheria, kwa maana sheria hutungwa na waliochaguliwa. Na akiisha kuinunua sheria, hahitaji tena kushindana na wenzake mnadani.

Milango miwili na mlango mmoja

Wengine watasema kwamba maskini na tajiri wote wana kura moja moja, kwa hiyo wako sawa. Sivyo kabisa. Tajiri ana kura yake, lakini ana mlango wa pili. Anaweza kukataa kununua, anaweza kuhamisha mtaji wake, anaweza kufunga duka. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya malalamiko ya kodi, na katika muda wa siku chache Waziri Mkuu alikwenda kukutana nao na kuwasikiliza. Hatuwalaumu, mtu mwenye malalamiko ana haki ya kusikilizwa. Twasema tu kwamba mlango wao ulifunguka upesi.

Je, mkulima akifunga shamba lake, nani atakuja kumsikiliza? Tumekwisha kuona. Alipoacha kupalilia katika miaka ile, ilichukua zaidi ya mwongo mmoja mambo kubadilika, na aliyeumia kwanza alikuwa yeye na watoto wake. Maskini ana mlango mmoja tu, nao ni kura. Hufunguliwa mara moja katika miaka mitano. Ndiyo maana kura ya maskini ina thamani kwake kuliko kura ya tajiri ilivyo na thamani kwa tajiri. Na ndiyo maana kila mwenye haja huitafuta kura hiyo kwa bei ya chini.

Maana ya kangomba

Wenyeji wa huku hawahitaji kuelezwa kangomba, lakini gazeti hili husomwa na wageni pia. Katika miezi ya njaa, kabla mahindi hayajakomaa, mkulima hukosa chakula au ada ya mtoto. Humwendea mtu mwenye fedha, naye humpa kiasi fulani kwa ahadi ya korosho ambazo bado hazijavunwa. Pengine hata maua hayajatoka. Msimu ukifika mkulima hulipa korosho kwa kipimo cha yule yule mnunuzi. Mnadani bei inapanda, naye anasimama pembeni akisikiliza bei za korosho zilizotoka katika mikorosho yake mwenyewe. Hana la kusema, kwa sababu aliuza.

Sasa tufikiri habari za kura. Mtu akipokea noti ya shilingi 10,000 kwa ajili ya kura yake, ameuza miaka mitano. Tuigawe hesabu hiyo: ni chini ya shilingi sita kwa siku, haitoshi hata kumnunulia mtoto pipi. Lakini hasara kubwa haimo katika hesabu hiyo. Hata angelipwa shilingi laki moja, hasara ingekuwa ile ile. Anachopoteza ni haki ya kudai. Atakapokwenda kwa mbunge wake kuuliza habari za salfa, au mizani ya ghala, au ushuru wa korosho, yule mbunge aweza kumjibu, kwa maneno au kwa kimya, kwamba deni lilikwisha kulipwa siku ile ya kampeni. Baina ya muuzaji na mnunuzi, mali ikiisha kukabidhiwa hakuna mazungumzo tena. Baina ya mtu na mtumishi wake mazungumzo hayaishi.

Na fedha ile lazima irudi. Mwaka 1995, Mwalimu Nyerere aliuliza mbele ya taifa kuhusu watu wanaotumia fedha kutafuta Ikulu: wamezipata wapi, na kama wamekopa watazilipaje? Swali lile linafaa kwa kiti cha ubunge na cha udiwani vilevile. Aliyekopeshwa na mwenye biashara atalipa kwa zabuni, kwa msamaha wa ushuru, au kwa kufumba macho mizani inapochezewa. Wahenga walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Kile kilo ya mchele tuliyokula hulipwa na mauzo yetu wenyewe.

Habari ya takrima

Tuliahidi kusifu jambo moja la enzi zile. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili, au kuwa na nyumba za kupangisha. Waweza kusema masharti yale yalikuwa makali mno, na huenda yalikuwa hivyo. Lakini waliyoyaandika walijua kwamba mtu hawezi kukaa pande zote mbili za mizani. Katika uchaguzi wa chama kimoja wagombea wawili walisimama, mmoja kwa alama ya Jembe na mwingine kwa alama ya Nyumba, na hawakushindana kwa kugawa fedha jukwaani.

Mwaka 1991 masharti yale yalilegezwa kule Zanzibar. Mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa, jambo ambalo twalishukuru, kwa kuwa lilimpa mwananchi uchaguzi mpana zaidi. Lakini mlango wa fedha ulifunguka pamoja na mlango wa vyama. Mwaka 2000 Bunge likaingiza katika sheria ya uchaguzi ruhusa ya takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, likisema ni desturi yetu. Mashirika ya kutetea haki yakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba ruhusa ile ni kinyume cha Katiba, kwa maana inambagua mgombea asiye na uwezo. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Basi sheria ipo. Iliyobaki ni mioyo yetu na mikono yetu.

Wale waliotetea takrima walisema, mkono mtupu haulambwi. Lakini tuitazame desturi yenyewe. Kwa mila zetu, mwenyeji ndiye humkirimu mgeni. Anamkaribisha, anampa maji, anamchinjia kuku. Hamwombi kitu. Katika kampeni ni kinyume: mgeni ndiye anamlisha mwenyeji, tena nyumbani kwa mwenyeji, kisha anaondoka na kitu. Huo si ukarimu wa babu zetu. Mkarimu wa kweli hukirimu hata katika mwaka usio na uchaguzi.

Hoja mbili za wenzetu

Wengine hujibu: “Tule vyao, kura tumpe tumtakaye. Sanduku ni la siri.” Hoja hii ina akili, lakini ina kasoro tatu. Kwanza, inatufundisha kuahidi uongo, na watoto wanatutazama. Pili, kila tunapokula tunapandisha gharama ya kugombea, hata mwalimu mwadilifu au mkulima hodari asithubutu kuchukua fomu. Siku ya kura tunakuta waliobaki wote ni walewale wenye uwezo wa kutulisha, na sanduku la siri halina faida tena. Tatu, aliyetulisha akishindwa au akishinda, atazitafuta fedha zake, nasi ndio shamba lake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Husemwa: “Mjane mwenye njaa akipewa mchele, mtamhukumu?” Hapa tuseme polepole. Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula kwa sababu alikuwa na njaa. Alikosea, wala hakuipata tena. Lakini tusisahau kwamba ndugu yake alikuwa na sufuria jikoni, akaifanya njaa ya nduguye kuwa soko. Katika biashara ya kura dhambi ya mnunuzi ni kubwa kuliko ya muuzaji, na tukikemea tuanze na mnunuzi.

Tena tujiulize sisi tuliokaa kanisani. Ikiwa mjane yule amelala njaa miezi mitatu na hakuna Mkristo aliyebisha hodi, tuna kinywa gani cha kumkemea siku anapopokea kilo mbili za mchele? Kilichompunguzia mkulima kishawishi cha kangomba katika baadhi ya vijiji si mahubiri peke yake, ni kikundi cha kuweka na kukopa ambako angeweza kupata ada ya mtoto bila kuuza maua. Vivyo hivyo, anayetaka kura ya jirani yake isiuzwe, ahakikishe jirani hana njaa ya kumlazimisha kuuza. Kwa maoni yetu hili ndilo jibu la swali tuliloanza nalo: kupokea si haki, na kumwacha mwenzako mahali ambapo hana njia ila kupokea si haki pia.

Na Kanisa je?

Sasa tuje nyumbani. Mtaa kama wetu una paa linalovuja na kisima cha kuchimba. Mara nyingi katika mwaka wa uchaguzi hutokea mtu mwema mwenye mabati mia moja, ambaye angependa kusema maneno machache baada ya tangazo la ndoa. Wazee wa kanisa hutazamana. Tufanye nini?

Wenzetu wa Kenya wamekwisha kulipitia jaribu hili. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana la Kenya aliwakataza wanasiasa kuhutubia katika ibada. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki, Jimbo Kuu la Nairobi, alikataa michango ya mamilioni ya shilingi iliyotolewa na Rais na viongozi wengine katika parokia moja ya jiji. Bila shaka paa la watu wale lilikuwa likivuja kama letu.

Wako watakaosema kwamba fedha haina rangi, na Bwana wetu alikula na watoza ushuru. Ni kweli, alikula kwa Zakayo. Lakini Zakayo hakutoa fedha ili apewe kiti cha mbele. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowadhulumu akaahidi kuwarudishia mara nne. Toba yake ilikwenda kwa walioumizwa.

Sisi twapendekeza mambo matatu, Halmashauri ya Mtaa iyafikirie. Kwanza, kila mtu atakayeomba kura atoe sadaka yake katika kikapu kama waumini wengine, bila kutangazwa. Pili, katika mwaka wa uchaguzi tusimwalike mgombea yeyote kuwa mgeni rasmi wa harambee, hata akiwa mwana wa mtaa huu. Tatu, kila zawadi kubwa iandikwe katika daftari ambalo muumini yeyote aweza kulisoma. Yatachelewesha paa, hilo twalikubali. Lakini Padre atakayehubiri kwamba kura haiuzwi, hali amesimama chini ya mabati ya mgombea, nani atamsikia?

Kwa wafanyabiashara waliomo miongoni mwetu twasema neno moja la heshima. Hatuwaoni kuwa maadui. Mnaleta chumvi, mbolea na ajira, na twajua mnavyosumbuliwa kwa michango kila wakati, mkiogopa kwamba asiyetoa atanyimwa leseni. Nanyi mtafaidika kura ikiwa huru, kwa maana mfanyabiashara mwaminifu hahitaji mbunge wa kununua; anahitaji sheria iliyo sawa kwa wote na mizani iliyo sahihi.

Basi tusingoje kampeni ianze ndipo tuyazungumze haya. Umoja wa Mama, Vijana na vikundi vya sala waweza kuyachukua maswali haya sasa, wakati hakuna mtu anayegawa kitu: Ni nani katika mtaa wetu aliye na njaa kiasi cha kuuza? Ni nani amemtembelea? Na mbunge na diwani tulio nao leo, tumewahi kuwauliza nini? Majibu yaletwe kwa katibu wa Halmashauri kabla ya mkutano ujao wa mtaa, ili paa na njaa vizungumzwe siku moja.